Rumande Nayo Ina Bei

Siku ya kutajwa kesi, karandinga la Magereza huingia uwanja wa mahakama hapa Singida Mjini mapema, jua likiwa bado chini. Mahabusu wanashuka wawili wawili, pingu moja imeshika mikono ya watu wawili, wanaelekezwa chumba cha kusubiria. Ndugu waliotoka Mtinko, Ilongero na Ikungi wanasogea: mwenye mfuko wa sabuni, mwenye chapati ndani ya gazeti, mwingine amekuja kuona sura tu. Jina linaitwa, mshtakiwa anasimama. Wakili wa Serikali anasema upelelezi haujakamilika, anaomba tarehe nyingine. Hakimu anatazama kalenda na kupanga siku 14 mbele. Shauri limechukua dakika tatu au nne, na karandinga linageuza.

Dakika hizo zina bili. Kuna dizeli, kuna askari magereza ambao siku hiyo hawakufanya kazi nyingine, kuna hakimu, karani na mwendesha mashtaka, kuna uji na ugali wa kila aliyepanda lile gari. Baada ya siku 14 bili inarudi vilevile. Kwa mwaka, mtu mmoja anapelekwa mahakamani mara 26 kwa utaratibu huo, na kwa miaka mitatu mara 78. Yote hayo kabla shahidi hata mmoja hajaapishwa.

Mtaani habari hii huzungumzwa kwa namna nyingine kabisa. Kijana anayejulikana kwa kisu anakamatwa Jumatatu, Alhamisi anaonekana kijiweni anakunywa kahawa, na watu wanashika vichwa: hawa watu kwa nini wanapewa dhamana? Hasira hiyo ina haki yake. Aliyekatwa panga hana sababu ya kusoma Katiba kabla ya kuogopa. Lakini kumnyima mtu dhamana ni ununuzi kama ununuzi mwingine wa serikali, unalipwa na kodi zetu, na sijawahi kuona mtu akituletea risiti. Anayeuliza bei hajakataa kununua.

Bili ya serikali

Tuanze na chungu, yaani idadi ya wanaolishwa. Uwezo halali wa magereza yote ya Tanzania Bara umekuwa ukitajwa kuwa watu 29,902, na kwa miaka mingi idadi ya waliomo imekuwa ikiuvuka. Kwa miaka mingi pia takribani nusu ya waliomo wamekuwa mahabusu, yaani watu ambao hakuna mahakama iliyowatia hatiani. Si wote waliopo kwa kunyimwa dhamana. Wengi dhamana yao iko wazi, ila wamekosa wadhamini. Gharama kwa siku ni ileile.

Kuna jambo ambalo halisemwi sana. Chini ya Sheria ya Magereza ya mwaka 1967, mahabusu halazimishwi kufanya kazi kama mfungwa. Anasafisha chumba chake na mazingira yake, basi. Julai 2018 Rais John Magufuli, akimwapisha Kamishna Jenerali mpya wa Magereza, aliagiza wafungwa wafanye kazi na magereza yajilishe. Watu wengi walipiga makofi. Ila jembe linashikwa na mfungwa, na sahani zinaoshwa kwa idadi ya wote. Kila mahabusu anayekaa ndani mwaka mzima anakula mazao ya mtu mwingine, si kwa uvivu wake bali kwa sababu sheria inamwona bado hana hatia. Ibara ya 13(6)(b) ya Katiba inasema hivyo pia: ni marufuku kumtendea mshtakiwa kama mkosaji kabla hajathibitika kuwa na hatia.

Sasa tupige hesabu. Tuchukue shilingi 6,000 kwa siku kwa mtu mmoja: chakula, maji, dawa, kuni, umeme, mshahara wa askari ukigawanywa kwa vichwa, na sehemu yake ya dizeli. Hiyo ni namba yangu ya kufanyia hesabu, si ya Magereza. Anayeiona kubwa aweke 4,000, anayeiona ndogo aweke 10,000. Kwa 6,000, mwaka mmoja ni shilingi 2,190,000. Miaka mitatu ni 6,570,000. Watu kumi kwa miaka mitatu ni 65,700,000. Kwa 4,000 watu haohao kumi wanagharimu 43,800,000, na kwa 10,000 ni 109,500,000. Chagua namba uitakayo. Huwezi kuiita bure.

Juu yake weka kipande cha Mahakama Kuu. Mauaji hayasikilizwi na hakimu wa wilaya. Shauri linafunguliwa mahakama ya chini, linakaa huko likisubiri upelelezi na kuhamishwa, kisha ndiyo linapata zamu kwa jaji. Kwa miaka mingi Singida ilihudumiwa na Mahakama Kuu ya Dodoma, kilomita zipatazo 240 kutoka hapa, na majaji walikuja kwa vikao. Kikao kinahitaji fungu: posho, usafiri wa mashahidi, wakili anayelipwa na serikali kumtetea mshtakiwa asiye na uwezo. Fungu likichelewa, kikao kinachelewa. Kikao kikichelewa, zile 6,000 za kila siku haziachi kuhesabiwa.

Bili isiyopita Hazina

Sehemu kubwa ya gharama haiandikwi kwenye kitabu chochote cha serikali. Singida ina msimu mmoja wa mvua, kuanzia mwishoni mwa mwaka hadi karibu Aprili. Mtu akiingia rumande Desemba na kutoka Mei, kwenye karatasi amekaa miezi mitano. Shambani amepoteza mwaka mzima. Alizeti haikupandwa, mtama haukupaliliwa, na mkopo wa mbegu au wa pikipiki unaendelea kudai. Ng'ombe anauzwa kwa bei ya mwenye shida. Mama mwenye nyumba anaanza safari za mjini: nauli ya kuja, nauli ya kurudi, sabuni, dawa ya meno, kitu cha kula kwa sababu mahabusu anaruhusiwa kuletewa, na siku nzima ya kazi imeisha.

Mwathirika naye ana bili. Fomu ya PF3 hailipiwi, lakini kuifuata kituoni ni safari, kuipeleka hospitali ni safari nyingine, na jeraha la panga linahitaji kubadilishiwa bandeji kila baada ya siku kadhaa. Ataitwa mahakamani. Atafika, ataambiwa kesi imeahirishwa, atarudi. Mara ya tatu ataomba ruhusa kwa mwajiri au kumwachia jirani genge lake. Mara ya tano huenda asije, na hapo ndipo kesi nyingi hufa.

Hilo ndilo jambo ambalo mtetezi wa kunyima dhamana angepaswa kulihofia kuliko mwingine yeyote. Ushahidi ni kama vitunguu vyetu: ukivihifadhi muda mrefu mahali pabaya vinaoza kuanzia katikati ya gunia, na juu bado panapendeza. Mshtakiwa anaweza kukaa ndani miaka minne salama salimini, faili likiwa na karatasi zote, huku shahidi aliyeona kwa macho amehamia Kahama, mganga aliyejaza PF3 amehamishwa kituo, na mpelelezi amestaafu. Siku ya hukumu anaachiwa huru. Anatoka bila mdhamini, bila kuripoti polisi, bila sharti la kutomkaribia mtu. Jamii imelipia miaka minne ya usalama wa muda na mwishoni haina kitu mkononi.

Mfano mkubwa zaidi nchini haukutoka Singida. Masheikh wa Uamsho kutoka Zanzibar walikaa mahabusu takribani miaka minane wakikabiliwa na mashtaka ya ugaidi, kosa lisilo na dhamana. Juni 2021 Mkurugenzi wa Mashtaka aliyafuta. Iwe unawahesabu kuwa watu hatari au watu walioonewa, hesabu ya mlipa kodi ni moja: miaka minane ya chakula, ulinzi na safari za mahakamani, na hakuna hukumu.

Tunapata nini kwa bei hiyo?

Tunapata kitu, na si haki kukidharau. Aliyeko ndani hawezi kurudi usiku kumkata mtu yuleyule. Hawezi kupita nyumba kwa nyumba akiwauliza mashahidi kama wanajua wanachokifanya. Atakuwepo siku ya hukumu. Na wakati mwingine rumande inamlinda yeye mwenyewe, maana wananchi wenye hasira kali hawasubiri tarehe ya kutajwa; ripoti za Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu zimekuwa zikihesabu kwa mamia watu wanaouawa namna hiyo kwa mwaka. Kosa moja la kumwachia mtu asiyestahili kuachiwa linaweza kugharimu maisha, na kwa hilo hakuna shilingi ya kuweka upande wa pili wa mizani. Ningekuwa mke wa mtu aliyeahidi kuniua, habari za dizeli ya karandinga zisingenigusa.

Kwa hiyo swali la mnunuzi ni moja: je, tunaowalipia ndani ndio hao hasa?

Hapa lazima tuitazame sheria yenyewe. Kifungu maarufu ni cha 148(5) cha Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, nitakiita kwa namba iliyozoeleka. Kinataja makosa ambayo polisi wala mahakama haviwezi kutoa dhamana: mauaji, uhaini, unyang'anyi wa kutumia silaha, kunajisi, biashara ya dawa za kulevya, ugaidi, utakatishaji fedha, usafirishaji haramu wa binadamu. (Uhaini una sauti ya pekee mkoani hapa: Aprili 2025 Tundu Lissu, mzaliwa wa Ikungi na mbunge wa zamani wa Singida Mashariki, aliwekwa mahabusu kwa shtaka hilo.) Kisha kuna aya zinazomtazama mtu badala ya kosa. Hatapewa dhamana aliyewahi kuhukumiwa kifungo kinachozidi miaka mitatu. Wala aliyewahi kupewa dhamana akaruka au akavunja masharti.

Zamani kulikuwa na aya pana zaidi. Ilifunga mlango kwa yeyote ambaye kitendo anachoshtakiwa nacho kilihusisha shambulio kubwa au tishio la nguvu dhidi ya mtu, au kukutwa na silaha ya moto. Kwa maneno mengine, ndiyo sheria ambayo vijiwe vyetu vinaidai leo. Kijana mmoja wa Musoma, Daudi Pete, alishtakiwa kwa unyang'anyi wa kutumia nguvu akakutana nayo. Jaji James Mwalusanya wa Mahakama Kuu akaikataa, na Mei 1991 Mahakama ya Rufani, chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali, ikasema aya hiyo inapingana na Katiba. Sababu yake mnunuzi yeyote angeielewa: wavu ulikuwa mpana mno, unanasa hata wasiokusudiwa, na haukuweka utaratibu wa kumsikiliza aliyenaswa.

Orodha ya makosa kwa majina ikabaki. Mei 2020 Mahakama Kuu, katika shauri lililofunguliwa na Dickson Sanga, ikasema kifungu cha 148(5) nacho kinavunja Katiba. Agosti mwaka huohuo Mahakama ya Rufani ikakirudisha. Juni 2023 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu iliyopo Arusha ikasema kinakiuka Mkataba wa Afrika. Wanasheria wataendelea kuvutana. Mimi nabaki na swali la kinanasa nani.

Watu wawili kwenye benchi moja

Tubuni watu wawili. Wa kwanza ana miaka 19. Usiku mmoja jirani na stendi ya Misuna yeye na wenzake wawili wanamzunguka abiria, mmoja anaonyesha kisu, simu inaondoka. Hajawahi kushtakiwa. Mwendesha mashtaka akiandika unyang'anyi wa kutumia silaha, kifungu cha 287A cha Kanuni ya Adhabu, adhabu yake haipungui miaka 30 na dhamana hakuna. Silaha haihitaji kuwa bunduki. Kisu au nondo inatosha. Hakimu hana analoweza kufanya hata kama anaona mbele yake mtoto wa shule aliyefuata mkumbo.

Wa pili ana miaka 41. Mwaka juzi alimvunja mke wake mkono. Kesi ikaishia kwa wazee. Mwaka jana alimkata jirani kwa panga, akafungwa miezi sita. Sasa amempiga mke tena hadi akazimia. Shtaka ni shambulio la kudhuru mwili, kifungu cha 241, adhabu isiyozidi miaka mitano. Kina dhamana. Kifungo chake cha nyuma hakikufika miaka mitatu, kwa hiyo ile aya ya wakosaji wa kurudia haimgusi. Hakuruka dhamana popote. Hakimu anayo mamlaka ya kumkatalia akipewa sababu, lakini sababu lazima zitoke kwa mtu, na mwendesha mashtaka mwenye mafaili kumi na tano asubuhi hiyo anasema hana pingamizi. Wadhamini wawili, nakala za kitambulisho cha Taifa, barua ya mtendaji, bondi ya maandishi. Saa tisa alasiri yuko nyumbani.

Ukimuuliza balozi wa mtaa ni yupi kati ya hao wawili atakayemwaga damu ndani ya mwezi ujao, hatachukua muda kujibu. Sheria inajibu kinyume chake, kwa sababu inasoma kichwa cha habari cha hati ya mashtaka. Mjadala wetu wa "wakorofi sugu wasipewe dhamana" unakwama hapa. Tunalipa bei kubwa kwa ajili ya orodha ya majina ya makosa, na yule sugu ambaye kila mtu anamjua anapita pembeni ya orodha hiyo na barua ya mtendaji mkononi.

Kuna na wale ambao jina la kosa hubadilika njiani. Ugomvi wa kilabuni, mtu kapigwa na kigoda, amefariki. Shtaka linaandikwa mauaji, dhamana hakuna. Miaka inapita, na si ajabu mwishowe likageuka kuua bila kukusudia, kosa ambalo lina dhamana tangu mwanzo.

Kwa jirani wananunua vipi

Kenya walichagua njia nyingine. Ibara ya 49(1)(h) ya Katiba yao ya 2010 inampa kila aliyekamatwa haki ya kuachiwa kwa dhamana yenye masharti ya kuridhisha, hata kwa shtaka la mauaji, isipokuwa kuwe na sababu nzito za kumzuia. Upande wa mashtaka ndio unaopaswa kuzionyesha. Jaji huagiza ripoti ya afisa wa probesheni, ambaye huenda hadi kijijini, akauliza familia ya mshtakiwa, familia ya marehemu na chifu: akirudi hapa itakuwaje? Mtu akiwa hatari, anabaki ndani kwa jina lake na kwa sababu zilizoandikwa. Hasara ya njia hii nayo inajulikana. Masharti ya fedha taslimu yamewaacha maskini ndani na kuwatoa wenye nacho, hadi Mahakama yao ikalazimika kutoa mwongozo wa dhamana mwaka 2015.

Uganda waliweka saa ukutani. Katiba yao inasema aliyeshtakiwa kwa kosa linalosikilizwa na Mahakama Kuu pekee, akikaa rumande siku 180 kabla kesi haijahamishiwa huko, ataachiwa kwa masharti ambayo mahakama itaona yanafaa. Serikali ikilala, inalipa. Tatizo ni kwamba anayelipa huenda akawa jirani wa mtu hatari, maana kalenda haimjui mtu. Kwa wanaorudia ukatili, hii ndiyo bidhaa nisiyoiamini hata kidogo, ingawa naipenda kwa kuwasukuma wapelelezi.

Mbali zaidi, jimbo la Illinois nchini Marekani liliondoa kabisa dhamana ya fedha Septemba 2023. Wengi walidhani maana yake ni kufungua milango. Mwendesha mashtaka huko anaweza kuomba mtu mwenye shtaka la ukatili azuiwe, hakimu anasikiliza pande zote mbili na kuamua. Fedha zimeondolewa, rumande imebaki, na kikao cha kuamua nani akae ndani ndicho kilichopewa uzito.

Bangili za kielektroniki za kufuatilia watu zinazotumika Ulaya na Marekani nitazipita haraka. Mwenye kuishi kijiji ambacho mtandao unapatikana juu ya jiwe moja tu anaelewa kwa nini.

Sisi wenyewe hatukukaa bure. Mwaka 2022 Bunge lilirekebisha sheria ili watu wasifikishwe mahakamani kabla upelelezi haujakamilika. Makosa makubwa yakaachwa nje ya utaratibu huo. Angalia maana yake kwa mfuko: makosa yasiyo na dhamana, ambamo kila siku ya kusubiri inalipiwa, kwa sehemu kubwa ndiyo yaliyoruhusiwa kuendelea kusubiri. Tume ya Haki Jinai, chini ya Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman, iliyokabidhi ripoti yake kwa Rais Julai 2023, nayo ililikuta tatizo la kukamata kwanza na kupeleleza baadaye.

Ningenunua hiki

Kama fungu la Singida lingekuwa mikononi mwangu, ningeanza na karatasi moja. Kwa kila mtu anayeshtakiwa kwa kumuumiza mwenzake, liwe kosa lenye dhamana au lisilo nayo, hakimu apate ukurasa mmoja kabla hajaamua: kesi zake za nyuma zote, zikiwemo za miezi sita na za faini, malalamiko yaliyopo Dawati la Jinsia na Watoto, maneno ya mwathirika mwenyewe, na alichosema mwenyekiti wa mtaa. Maafisa wa probesheni tunao, wako chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani, na wamezoea kuandika taarifa za watu kwa ajili ya vifungo vya nje na huduma kwa jamii. Kumtuma mmoja kwa pikipiki hadi Mtinko na kurudi ni mafuta, posho ya siku na soda. Tuseme imefika shilingi 60,000, kwa makisio ya juu. Hizo ni siku kumi za rumande kwa ile hesabu yangu ya 6,000.

Karatasi hiyo ingemzuia yule wa miaka 41. Na kama sheria ingemruhusu hakimu kuitumia kwa yule wa miaka 19 pia, huenda kijana angerudi kwa mama yake kwa masharti: aripoti polisi kila Jumatatu, asionekane stendi usiku, asimsogelee mlalamikaji. Gharama yake kwa serikali ingekuwa daftari la kuripoti na kalamu.

Fedha zinazobaki ningezihamishia kwenye kasi. Anayezuiwa kwa sababu ya hatari yake awe wa kwanza kusikilizwa, mashahidi walipwe nauli yao siku hiyohiyo, na wanaotishwa wapewe ulinzi ambao Sheria ya Kuwalinda Watoa Taarifa na Mashahidi ya 2015 iliahidi. Watu kumi wa kesi za mauaji wakisikilizwa mwaka mmoja mapema, kwa hesabu ile ni 21,900,000 zisizotumika rumande. Mwenye daftari la Mahakama aweke bei ya kikao kimoja pembeni ya namba hiyo, tuone ipi ndefu.

Wapo watakaosema huko ni kuwabembeleza wahalifu. Sioni ubembelezi wowote katika kumfunga mtu sahihi na kumhukumu mapema. Ninaloliona ghali ni kumweka ndani yeyote yule mradi kosa lake lina jina la kutisha, kisha kumsahau.

Hayo yanahitaji Bunge na bajeti. Yapo ya kesho asubuhi. Mwathirika ana haki ya kumfuata mwendesha mashtaka kabla dhamana haijazungumzwa na kumweleza kinachomtisha. Akinyamaza, faili nalo litanyamaza. Mtendaji anayeombwa barua ya utambulisho wa mdhamini anaweza kuuliza kesi ni ya nini na mdhamini anaishi wapi kweli, badala ya kugonga muhuri kwa foleni. Vituoni kuna tangazo kwamba dhamana ni bure. Anayekudai elfu ishirini ya "kufungua faili" anakuibia.

Na wewe uliyeombwa kuwa mdhamini kwa sababu ni shemeji au mwanakwaya mwenzako, soma kiasi kilichoandikwa kwenye bondi kabla ya kutia sahihi, maana akitoroka mahakama itakudai wewe. Akianza kupita mtaani akiwatisha waliotoa ushahidi, hulazimiki kusubiri akutie hasara: nenda mahakamani uliposaini, mwombe hakimu akuondoe kwenye udhamini. Hakimu ataagiza aletwe, na atatakiwa kutafuta mdhamini mwingine au arudi ndani.